Kuondoa mikwaruzo ya rimu ukiwa nyumbani

Rimu ya mbele kushoto ya Toyota IST yangu iliumia siku nilipopaki kwa haraka Kinondoni, nikakwangua ukingo wa barabara. Mkwaruzo ulikuwa mrefu kama kiganja, alumini imechongoka kama meno ya msumeno. Tangu hapo nimeshatengeneza rimu tatu, na nakuhakikishia kazi yote iko kwenye msasa.

Kagua kwanza. Ukiona ufa, au rimu imepinda, usiiguse. Puti, ile dawa ya kujazia vishimo, haishiki ufa. Zile zenye uso wa kuchongwa kwa mashine, zenye vimistari vyembamba vinavyong'aa, nazo hazifai kwa njia hii.

Legeza nati gari likiwa bado chini, kisha piga jeki, weka stendi, toa gurudumu. Osha kwa sabuni na mswaki wa zamani, maana vumbi la breki hujificha kwenye kona. Likikauka, futa kwa tina, ile ya kuyeyushia rangi. Chomeka karata kuukuu kati ya mpira na rimu, zipandane kama mabati ya paa. Zinakinga tairi kuliko gazeti lolote.

Vaa barakoa. Anza na msasa namba 240 kwenye yale makali tu, mpaka yalale. Fuata na 400 ya maji. Sasa fumba macho, pitisha ukucha taratibu: ukikwama, rudi kwenye msasa. Jicho hudanganywa na mng'ao, ukucha haudanganyiki. Vishimo vilivyobaki vijaze puti ya alumini, ikauke vizuri, usugue tena hadi usijue inapoanzia.

Piga praima, yaani rangi ya msingi, halafu rangi yenyewe: mikono mitatu myepesi, kopo likiwa sentimita 20 hivi kutoka kwenye rimu, ukipumzisha dakika 10 hadi 15 kila mkono. Malizia na kliya, ile rangi angavu ya kukinga juu. Mara ya kwanza nilipuliza jioni ya masika, kliya ikageuka nyeupe kama maziwa kwa unyevu wa hewa, nikasugua yote upya. Siku hizi nasubiri saa nne asubuhi, siku kavu, kivulini.

Liache gurudumu hadi kesho yake. Ukilirudisha, kaza nati kwa kupishana: hii, kisha inayotazamana nayo. Shusha gari ndipo ukaze mwisho. Kwa IST, nguvu ya kukazia ni nyutonimita 103. Ukishatembea kilomita 50 hivi, zikague tena.