Somo: Seva ndogo ya nyumbani kwa laptopu kuukuu

Somo hili ni la mwenye laptopu kuukuu iliyosahaulika kabatini, anayetaka kuigeuza ghala la picha na hati za familia kwa kutumia Debian, mfumo endeshi wa bure wa jamii ya Linux. Nimeipendelea laptopu kuliko tarakilishi ya mezani kwa sababu hapa Kisumu, ngurumo zikianza upande wa ziwa, stima nayo haikawii kupotea, na betri, hata iliyochoka, huipa seva muda wa kuzimwa kwa utaratibu.

Hatua ya kwanza. Pakua faili ya netinst, yaani kisakinishi kidogo cha Debian, uiandike kwenye flashi, uunganishe laptopu na ruta kwa kebo, kisha uiwashe kutoka kwenye flashi hiyo. Diski itafutwa yote, kwa hivyo hamisha mapema unachokihitaji. Ukiombwa nywila ya root, mtumiaji mwenye mamlaka yote, acha nafasi hiyo tupu. Mtumiaji wa kwanza utakayemsajili ndiye atakayepewa sudo, yaani ruhusa ya kutoa amri za msimamizi.

Hatua ya pili ndiyo yenye uzito. Karibu na mwisho hutokea orodha ya programu, ambamo mazingira ya madirisha na aikoni huwa tayari yametiwa alama. Ziondoe alama hizo, utie alama seva ya SSH (njia salama ya kuiamuru laptopu ukiwa kwenye tarakilishi nyingine), na ubakishe zana za kawaida za mfumo. Wengi huiogopa skrini nyeusi inayobaki, ilhali kila programu isiyokuwepo haihitaji kusasishwa, haili kumbukumbu, wala haimwachii mdukuzi mwanya.

Hatua ya tatu. Laptopu hulala ikifunikwa. Katika /etc/systemd/logind.conf, chini ya [Login], andika HandleLidSwitch=ignore, kisha uiwashe upya. Kwenye ruta, itengee laptopu anwani ya mtandao (IP) isiyobadilika.

Hatua ya nne. Kwenye tarakilishi yako ya kila siku, tengeneza ufunguo kwa ssh-keygen -t ed25519 na uupeleke kwenye seva kwa ssh-copy-id. Ukishaingia kwa ufunguo huo, weka PasswordAuthentication no katika /etc/ssh/sshd_config ya seva ili nywila isikubaliwe tena, kisha utoe amri sudo systemctl restart ssh. Usilifunge dirisha ulilomo kabla hujafaulu kuingia kupitia dirisha jingine. Faili zitahamishwa kwa SFTP, njia ya kuhamisha faili ambayo huja pamoja na SSH.

Maswali ya wanachama

Mwanachama wa Nakuru: Mwalimu, betri ikiisha kabla ya stima kurudi, picha zitapotea?

Jibu: Mfumo wa faili wa ext4, ambao Debian huutumia kwa kawaida, huweka kumbukumbu za mabadiliko, kwa hivyo diski kwa kawaida hujirekebisha, faili iliyokuwa ikiandikwa wakati huo ndiyo iliyo hatarini. Laptopu nyingi haziwaki zenyewe stima ikirudi, na ruta isiyo na betri huzimika papo hapo. Weka nakala kwenye diski ya nje.

Mwanachama wa Kisumu: Je, kuiacha kwenye chaja usiku na mchana kuna hatari?

Jibu: Betri huchakaa upesi, hasa kwenye joto. Ukiona padi ya kugusa inayosogeza kishale imeinuka au kifuniko cha chini kimeachana, betri imevimba. Zima laptopu na uiondoe betri hiyo bila kuitoboa.

Mwanachama wa Kakamega: Ninaweza kuifikia nikiwa safarini?

Jibu: Tazama kwanza anwani ya nje ya ruta yako. Ikiwa kati ya 100.64.0.0 na 100.127.255.255, unashiriki anwani ya umma na wateja wengine, na kufungua mlango (port) kwenye ruta hakutafaa. Kodi seva ndogo yenye anwani ya umma, uiunganishe na ya nyumbani kwa WireGuard, programu ya kuunda njia ya siri (VPN) kati ya mashine, na upitie hapo.