Jinsi ya kukokotoa umbali na muda wa ndege: Nairobi hadi New York

Katika kazi yangu ya kukata tiketi, swali linalorudi kila wiki ni hili: "Naondoka saa tano na nusu usiku, nafika saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Kwa hiyo ni saa saba tu?" Hapana. Fanya hesabu mwenyewe. Kalkuleta ya simu yenye sin na cos inatosha.

1. Tafuta latitudo (digrii kaskazini au kusini mwa ikweta) na longitudo (digrii mashariki au magharibi). JKIA, uwanja wa ndege wa Nairobi, ni -1.3 na 36.9. JFK, uwanja wa New York, ni 40.6 na -73.8. Kusini na magharibi huwekewa alama ya kutoa, na ukiisahau jibu lote linaharibika.

2. Pata umbali. Usitumie rula kwenye ramani ya ukutani. Rula itakupitisha juu ya Nigeria, ilhali njia fupi kwenye dunia ya mviringo inapanda juu ya Chad, Algeria na Morocco kabla ya kuvuka Atlantiki. Hakikisha kalkuleta iko kwenye digrii. Tofauti ya longitudo ni 36.9 - (-73.8) = 110.7, kwa hiyo:

sin(-1.3) × sin(40.6) + cos(-1.3) × cos(40.6) × cos(110.7) = -0.283

Bonyeza cos⁻¹ upate digrii 106.4. Kila digrii ni kilomita 111.2, hivyo umbali ni karibu kilomita 11,840.

3. Geuza umbali uwe muda. Ndege kubwa ikishatulia angani huenda karibu kilomita 900 kwa saa. Juu ya Atlantiki ya kaskazini upepo huvuma kutoka magharibi, kwa hiyo kwenda Marekani gawanya umbali kwa 850, kurudi kwa 950. Ongeza kama dakika 40 za kupaa, kushuka na kutembea uwanjani. Kwenda ni saa 14 na nusu hivi. Kurudi, 13 na kidogo. Ratiba huwa ndefu zaidi kwa sababu mashirika huweka dakika za akiba.

4. Soma tiketi. Hapa ndipo watu hupotea. Kila saa iliyoandikwa ni ya mji husika. Kuondoka 23:30 na kufika 06:30 kesho yake ni saa 7 kwenye karatasi, lakini New York iko nyuma ya Nairobi kwa saa 8 majira ya baridi: 7 + 8 = 15. Kuanzia Jumapili ya pili ya Machi hadi Jumapili ya kwanza ya Novemba tofauti ni saa 7.

5. Linganisha na ndege ya kuunganisha. Kenya Airways ilianza safari ya moja kwa moja Oktoba 2018, lakini wengi bado hupitia Doha, Qatar. Kanuni ileile inatoa kilomita 3,350 hadi Doha, kisha 10,770 hadi JFK. Ni kilomita 2,280 za ziada, karibu saa mbili na nusu hewani, kabla hujahesabu kusubiri uwanjani. Anayesafiri na mtoto mchanga au mzazi mzee namshauri achukue ya moja kwa moja, ilimradi nauli haijapishana sana.