Kwenda Amani kwa baiskeli ukitokea Tanga, na hasa namna ya kushuka

Watu wakiulizia safari ya Amani, hifadhi ya msitu iliyo juu ya milima ya Usambara Mashariki, huulizia mlima: una ukali gani, miguu itaweza? Kupanda hakuna shida. Ukichoka unashuka, unasukuma, unafika. Safari huharibikia kwenye kurudi, pale baiskeli yenye mzigo inapoanza kukuvuta kwenye kona za kokoto, na breki ni zilezile za kwendea soko la Mgandini. Kwa hiyo hatua ya kushuka humu chini ni ndefu kuliko nyingine zote. Isome kabla hujatoka nyumbani, maana sehemu kubwa ya kazi yake inafanyika kwa fundi, mjini.

Hatua ya 1: Chagua msimu

Januari na Februari, au Juni hadi Septemba. Masika usiende. Hata kiangazi mvua hunyesha Usambara Mashariki, kwa sababu mawingu ya baharini hugonga milima hii kwanza. Koti la mvua halibaki nyumbani.

Hatua ya 2: Baiskeli na mzigo

Ya gia ndiyo nzuri. Ukiweza kupata giri ndogo ya mbele ya meno 28 hadi 32, na kubwa ya nyuma ya meno 34, utapanda umekaa. Tairi ziwe na upana wa inchi 2 hivi, zenye meno. Baiskeli ya gia moja nayo inafika, ila kubali tangu mwanzo kwamba kutoka Sigi, penye geti la hifadhi, hadi Amani juu utaisukuma sehemu kubwa.

Mzigo usizidi kilo 8. Ufunge kwenye keria kwa mipira iliyokatwa kwenye tyubu kuukuu. Mimi sipendi kabisa kamba za katani kwa kazi hii: zikilowa hubadilika mkazo, na ncha ikilegea huingia kwenye spoku. Begi la mgongoni libebe maji na koti tu. Chukua tyubu mbili mpya, viraka, solushen, msasa, pampu, spana za nati zote za baiskeli yako, na kipande cha mnyororo chenye pini zake.

Hatua ya 3: Tanga hadi Muheza

Ni kama kilomita 40 za lami, kupitia Pongwe na Ngomeni, mkonge kulia na kushoto. Malori na mabasi ya njia hii yana haraka na bega la barabara ni jembamba. Ushauri wangu ni kupandisha baiskeli juu ya basi. Patana na konda nauli ya baiskeli kabla haijainuliwa, ilaze upande usio na mnyororo, na uifunge mwenyewe. Ukiamua kuendesha, toka saa 11 alfajiri ukiwa na taa ya nyuma.

Hatua ya 4: Muheza hadi Sigi

Kunywa chai, nunua machungwa, na waulize madereva wa bodaboda pale stendi hali ya barabara ya Amani ikoje wiki hiyo. Wao wameipita jana. Kipande hiki ni vilima vidogovidogo na joto la bondeni lenye unyevu, linalochosha kuliko mlima wenyewe. Beba lita 3 za maji. Ukiingia kwenye vumbi na kokoto, punguza upepo: tairi la inchi 2 lililokuwa na PSI 50 kwenye lami lishushe hadi 35 au 40. Likibaki gumu litarukaruka juu ya mawe na mikono itakufa ganzi. Baada ya Kisiwani msitu unaanza kukusogelea.

Hatua ya 5: Geti la Sigi

Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani ilitangazwa mwaka 1997 na iko chini ya Wakala wa Huduma za Misitu. Ada inalipwa hapa. Weka salio la kutosha kwenye simu ukiwa bado Muheza, mtandao huku si wa kuutegemea. Mwongozaji wa kutembea naye msituni umpate hapahapa au Amani juu. Nyumba ya taarifa ni ile ya zamani ya mkuu wa stesheni, kutoka enzi za Wajerumani walipokuwa na reli ndogo iliyoishia Sigi.

Hatua ya 6: Kupanda

Sigi iko kwenye mita 450 hivi kutoka usawa wa bahari, Amani kwenye 900 na ushei. Weka gia nyepesi kabla ya kona, si ndani ya kona; mnyororo ukibadilishwa umekazwa hukatika. Kona za ndani ndizo kali, zipitie upande wa nje kama hakuna gari. Piga kengele kila kona. Yako malori na basi, lakini hatari zaidi ni pikipiki zinazoshuka injini ikiwa imezimwa: huisikii mpaka iko mbele yako.

Mvua ikikukuta, udongo mwekundu utajaa kati ya tairi na madigadi mpaka gurudumu ligome kuzunguka. Kwa hiyo vua madigadi Tanga. Tope litoe kwa kijiti, na usitie oili kwenye mnyororo wenye udongo. Oili na udongo pamoja hukwangua giri kama msasa.

Hatua ya 7: Kutembea

Acha baiskeli kwenye nyumba ya wageni. Njia za miguu ni za miguu. Mizizi na udongo wake laini haviwezi tairi. Njia ya kilima cha Mbomole inatosha kwa asubuhi moja, na juu kabisa unaona mashamba ya chai yakiwa yamebanwa na msitu pande zote. Soksi zivutwe juu ya suruali kwa ajili ya siafu. Usipumzike chini ya mti wa msambu wakati wa matunda: tunda lake lina kilo kadhaa na huanguka lenyewe, bila dalili. Kwenye miamba yenye kivuli na unyevu angalia vizuri, utaona majani yenye manyoya laini na ua dogo la zambarau lenye kiini cha njano. Baron Walter von Saint Paul-Illaire alilichukua ua hili Usambara mwaka 1892, na leo liko kwenye madirisha ya nyumba duniani kote. Liache lilipo.

Hatua ya 8: Kushuka

Anzia kwenye rimu, kwa sababu ndizo zinazoamua kila kitu. Baiskeli nyingi za Tanga zina rimu za chuma zinazong'aa. Zikiwa kavu zinashika. Zikilowa, raba za breki huteleza juu yake kama sabuni, na hakuna kukaza kutakakosaidia. Jipime mjini: tafuta mteremko mdogo mtupu, mwagia rimu zote mbili maji, shuka polepole, kamata breki, na mwenzako ahesabu gurudumu linazunguka mara ngapi kabla halijasimama. Rudia rimu zikiwa kavu. Tofauti utakayoiona itakufundisha kuliko maneno yangu. Mwenye rimu za chuma akinyeshewa Amani ana mambo mawili ya kufanya: kungoja barabara ikauke, au kushuka kwa miguu ameshika usukani. La tatu hakuna. Rimu za alumini zinavumilia maji zaidi, na breki za diski ndizo bora kuliko zote kwa njia hii.

Kisha raba. Mifereji yake ikiwa imekaribia kufutika, nunua mpya, na nunua laini; zile ngumu za bei ya chini hukwaruza tu. Raba ikae katikati ya ukuta wa rimu. Ikipanda hata milimita 2 itagusa tairi, na kwa mteremko wa kilomita kadhaa italila pembeni mpaka lipasuke. Ikishuka chini mno itateleza na kuingia kwenye spoku. Chomoa kwa pini mchanga na vipande vya chuma vilivyojichoma ndani ya raba. Waya wa breki ukague pale unapoingia kwenye mkono wa breki: uzi mmoja ukiwa umekatika, badilisha waya mzima. Ukikamata kwa nguvu zote, kati ya mkono wa breki na usukani pabaki nafasi ya vidole viwili.

Tatizo la mwisho ni joto. Ukishikilia breki mfululizo, rimu inapata moto, upepo ndani ya tyubu unatanuka, na solushen ya viraka inalainika. Kiraka cha zamani huachia hapo, na kikiachia gurudumu la mbele kwenye kona, unaanguka. Kwa hiyo kabla ya kushuka weka tyubu mpya mbele. Yenye viraka ipeleke nyuma. Usishikilie. Kamata kwa nguvu barabara ikiwa imenyooka, punguza mwendo mpaka uone kona utaimudu, kisha achia kabisa ndani ya kona. Breki ya mbele uitumie baiskeli ikiwa wima tu. Simama juu ya pedali, magoti yamekunjwa kidogo, makalio nyuma ya tandiko.

Simama kila baada ya kilomita moja. Dondoshea rimu tone moja la maji. Likichemka na kutoweka, kaa chini dakika 10. Usiimwagie maji ipoe haraka, hasa diski, kwani hupinda. Na usiiguse kwa kidole.

Ukifika Sigi, zungusha magurudumu yote mawili na uangalie kama tairi limekatika pembeni. Usioshee baiskeli mtoni. Mto Sigi ndio unaojaza bwawa la Mabayani, na maji ya bwawa hilo ndiyo yanayonywewa Tanga mjini. Oili ya mnyororo haina haki ya kuingia humo. Isubiri ikauke, pangusa kwa tambara, utaiosha ukifika nyumbani.