Kupima gesi ya tope maji yakipanda na kushuka

Udongo mweusi wa bonde la Ruvu hapa Bagamoyo, kwenye mpunga na kwenye mikoko, una mabaki ya mimea ambayo maji yameyazuia kuoza. Maji yakishuka, hewa inapenya na hewa ukaa inatoka kwa wingi. Yakifunika, bakteria wasiohitaji oksijeni hutengeneza methani, na kilo moja yake hupasha dunia joto takribani mara 28 ya kilo ya hewa ukaa kwa miaka 100. Kwa hiyo anza na maji.

Hatua ya 1. Chukua bomba la plastiki la inchi 2, urefu wa mita 1. Toboa matundu sehemu ya chini, vika soksi ya nailoni tope lisiingie, lizamishe libaki sentimita 20 juu. Siku ya pili shusha kijiti kikavu. Kikilowa sentimita 32 kutoka mdomoni, toa 20: maji yako sentimita 12 chini ya ardhi. Andika -12. Hata usipokuwa na kifaa kingine, daftari hili lina faida.

Hatua ya 2. Kata ndoo kitako, ikandamize sentimita 10 ardhini, iache hapo usiku kucha. Weka ubao wa kukanyagia. Mimi niliwahi kusimama kwenye tope lenyewe. Viputo vikapanda kisiginoni, na chupa ya kwanza ya sampuli ikawa na methani nyingi kuliko ya mwisho. Asubuhi nzima ilipotea.

Hatua ya 3. Funika ile ya ardhini kwa ndoo nyingine iliyozungushiwa karatasi ya aluminiamu, jua lisiipashe. Vuta hewa kwa sirinji dakika ya 0, 10, 20 na 30, tia kwenye chupa za kupeleka maabara.

Hatua ya 4. Hesabu. Kwa nafasi ya hewa yenye kimo cha sentimita 30 ndani ya ndoo na joto la nyuzi 30, kila sehemu 1 kwa milioni inayoongezeka ni miligramu 0.19 za methani kwa mita ya mraba. Zikiongezeka 4 kwa nusu saa, ni kama miligramu 1.5 kwa saa.

Hatua ya 5. Rudia wakati wa bamvua, bahari ikijaa sana, na wa maji mafu, ikijaa kidogo. Karibu na mlango wa mto, salfeti, chumvi iliyomo kwenye maji ya bahari, hupunguza methani, kwa hiyo usichanganye namba za mikoko na za mpunga wa maji baridi. Na ukifungulia maji yatoke shambani, pima siku hizo hizo za mwanzo: methani iliyonaswa topeni hutoka kwa mkupuo, na atakayekuja wiki ya pili hataiona.