Jinsi ya Kupiga Picha ya Daraja la Tanzanite Jua Linapochomoza

Daraja la Tanzanite, lililozinduliwa rasmi tarehe 24 Machi 2022, linakatisha ghuba kutoka karibu na Hospitali ya Aga Khan hadi upande wa Coco Beach, Oysterbay, kwa urefu wa kilomita 1.03. Kwa kuwa limejengwa juu ya bahari yenyewe, na pwani ya Dar es Salaam inatazama mashariki, jua huchomoza nyuma yake au ubavuni mwake, kutegemea mahali unaposimama. Wapiga picha wengi huangalia utabiri wa hali ya hewa kabla ya kutoka, wakaishia hapo. Kwa maoni yangu, jambo la kwanza la kuangalia ni maji, kwa sababu mawingu hayana ratiba, ilhali kujaa na kupwa kwa bahari kunajulikana miezi mingi kabla.

Hatua ya 1: Chagua siku kwa kufuata maji

Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, bahari huwa katika bamvua, yaani maji hujaa na kupwa kuliko siku nyingine, na kwa Dar es Salaam maji hufikia kilele cha kujaa mnamo saa kumi alfajiri na saa kumi jioni. Kila siku inayofuata, saa ya kujaa husogea mbele kwa wastani wa dakika 50 hivi. Kwa hiyo, siku mbili hadi tatu baada ya mwezi kuandama au kuwa mpevu, maji hujaa karibu sawa na wakati wa jua kuchomoza, na kina chake bado ni kikubwa. Hizo ndizo siku ninazozitafuta, kwani ghuba huwa imejaa, tope na mawe ya ufukweni hufunikwa, na kwa kipindi kifupi kabla ya maji kugeuka, mkondo hutulia kiasi kwamba taa na nguzo za daraja huonekana ndani ya maji, mradi upepo usiwe mkali.

Takriban wiki moja baadaye hali huwa kinyume: alfajiri maji yamekupwa, lakini ni siku za maji mafu, yaani tofauti ya kujaa na kupwa ni ndogo, hivyo hayaendi mbali. Anayetaka picha ya upwa uliokauka kabisa asiutafute wakati wa mapambazuko, kwa sababu kupwa kukubwa kwa bamvua hutokea mnamo saa nne asubuhi, wakati mwanga umekwishakuwa mkali na bapa. Mvuvi yeyote wa hapo anaweza kukueleza haya bila kufungua kitabu. Sisi wengine tuna majedwali ya maji, na ni lazima kuyasoma kwa siku husika, maana saa nilizotaja ni za kukadiria.

Kuhusu majira, miezi ya masika, yaani Machi hadi Mei, ina mawingu mazito yanayoziba upeo wa macho, ingawa asubuhi inayofuata mvua ya usiku mara nyingi huwa na hewa safi isiyo na vumbi.

Hatua ya 2: Amua jua likae wapi

Kuna pande mbili zinazotoa picha mbili tofauti kabisa. Ukisimama magharibi ya daraja, upande wa ufuko wa Upanga, daraja linakuwa kati yako na jua, nawe utapata umbo jeusi la minara na nyaya dhidi ya anga la rangi. Ukisimama upande wa Coco Beach na kutazama kusini, jua linakuwa kushotoni kwako, linaangaza ubavu wa daraja, na majengo marefu ya katikati ya jiji yanakaa nyuma. Picha ya pili haipendwi sana na wanaoanza, lakini ndiyo inayoonyesha kwamba daraja hili liko Dar es Salaam na si kwingineko.

Kumbuka kwamba jua halichomozi mahali pamoja mwaka mzima. Mwezi Juni huchomoza kaskazini ya mashariki halisi kwa takriban nyuzi 23, na Desemba huwa kusini kwa kiasi hichohicho. Kwa aliyesimama Upanga, maana yake ni kwamba katikati ya mwaka jua huelekea upande wa Oysterbay, na mwishoni mwa mwaka huelekea upande wa hospitali. Zipo programu za simu zinazoonyesha mstari wa jua juu ya ramani kwa tarehe yoyote. Itumie moja kabla hujachagua mahali.

Hatua ya 3: Fika mapema, na uache kamera izoee hewa

Jua la Dar es Salaam huchomoza kabla kidogo ya saa 12:00 asubuhi mwezi Novemba na hukawia hadi karibu saa 12:35 mwezi Julai. Katika nchi za baridi mapambazuko huchukua muda mrefu. Kwetu jua hupanda karibu wima, na mwanga wa kufanyia kazi kabla halijatokeza hudumu kama dakika 20 tu. Uwe umesimamisha tripodi dakika 50 kabla.

Kamera iliyotoka kwenye chumba au gari lenye kiyoyozi hupata ukungu kwenye lenzi mara tu inapokutana na hewa ya bahari, na kuifuta hakusaidii, kwa sababu ukungu hurudi hadi kioo kipate joto. Iache ndani ya begi lililofungwa, nje ya kiyoyozi, kwa nusu saa. Chukua pia kitambaa laini cha kufutia chumvi.

Usisimamishe gari darajani. Hata njia ya waenda kwa miguu haifai kwa tripodi, kwani magari hulitikisa daraja na picha ya sekunde nyingi hutoka ikiwa imetikisika. Ukikutana na walinzi, salimia na ueleze unachofanya kabla hujaulizwa. Droni inahitaji kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, na kibali hicho hakipatikani asubuhi ileile.

Hatua ya 4: Piga kabla jua halijatokeza

Hapa ndipo picha bora hupatikana, wakati anga bado ni la buluu na taa za daraja bado zinawaka. Weka ISO (wepesi wa sensa kupokea mwanga) 100, tundu la lenzi f/8, na uanze na muda wa shata, yaani muda wa kuingiza mwanga, wa sekunde 20. Muda huo hulainisha mawimbi madogo na kugeuza taa za magari kuwa mistari. Tumia rimoti au kipima muda cha sekunde mbili ili usiitikise kamera. Fokasi iwekwe kwa mkono kwenye taa mojawapo ya daraja, kisha usiiguse tena. Mizania ya rangi (white balance) iweke mwenyewe kwenye kelvini 5,000 hivi, kwa sababu ile ya kujiendesha hujitahidi kuondoa rangi ya chungwa uliyoamkia. Mwanga huongezeka haraka, hivyo punguza muda wa shata kila baada ya picha mbili au tatu huku ukitazama histogramu, yaani grafu ya mwangaza kwenye skrini ya kamera.

Hatua ya 5: Jua lenyewe

Duara lote la jua hutoka baharini kwa dakika mbili na ushei. Pima mwangaza kwenye anga pembeni mwa jua, na uache daraja liwe jeusi. Ukitaka miale inayochomoza kama nyota, subiri jua liguse ukingo wa mnara, kisha funga tundu hadi f/16. Ukitaka jua kubwa, rudi nyuma na utumie lenzi ndefu: kwa milimita 200 jua huwa na upana wa karibu milimita 2 kwenye sensa, ilhali kwa milimita 24 huwa nukta tu. Daraja zima halitaingia, kwa hiyo chagua mnara mmoja na nyaya zake. Tunga picha kwa skrini, si kwa kuchungulia kwenye kitundu cha kioo, kwa sababu lenzi ndefu iliyoelekezwa kwenye jua inaweza kuliumiza jicho.

Mwenye simu afuate hatua hizihizi, ila aguse anga kwenye skrini na kushusha mwangaza kwa kidole.

Hatua ya 6: Uhariri

Piga faili ghafi (RAW), si JPEG pekee, ili uweze kuinua vivuli bila kuharibu rangi. Kwanza nyoosha upeo wa bahari, kisha shusha sehemu zenye mwanga mkali, na uongeze rangi kwa uchache. Usiunyooshe mstari wa daraja badala ya ule wa bahari: ukipiga kwa pembe, barabara huonekana imeinama, na ndivyo inavyopaswa kuwa.