SOMO: Kufunga ogani ya kidijitali kwenye kanisa la zamani (soma mpaka mwisho ndipo uulize)

Tumsifu Yesu Kristo, wakuu. Kila nikikutana na wapiga kinanda swali ni lile lile: "Parokia yetu imeletewa ogani ya kidijitali, tunaifungaje?" Nimechoka kujibu kipande kipande, kwa hiyo naandika yote hapa.

Nazungumzia ogani yenyewe, ya manuali (safu za vibonyezo vya mikono) mbili au tatu na pedali za miguu, siyo kibodi ya kuweka mezani. Na kanisa ninalolifikiria ni la aina ya Minara Miwili kule Unguja, Bagamoyo, au Mt. Yosefu Dar (lilijengwa 1897 hadi 1902). Majengo haya hayakujengwa kwa ajili ya soketi. Mengi ya pwani kuta zake ni mawe ya matumbawe na chokaa, na hilo litakusumbua kuliko ogani yenyewe.

Hatua ya 1: Kibali. Paroko, jimbo, kisha wahusika wa mambo ya kale. Mji Mkongwe ni Urithi wa Dunia tangu 2000, hutoboi ukuta kwa idhini ya mwenyekiti wa kwaya.

Hatua ya 2: Pima milango na ngazi kabla mzigo haujafika. Konsoli (meza yenyewe ya kupigia) pekee inaweza kuvuka kilo 200. Pedali na benchi huwa vinatoka, vitangulizeni. Ngazi za mzunguko za roshani (ghorofa ya kwaya nyuma ya kanisa) zimewashinda wengi.

Hatua ya 3: Sakafu ya roshani. Ni mbao za zamani, na mchwa hula kutoka ndani. Chokonoa kila boriti kwa bisibisi. Ikizama, simamisha kazi, mwite seremala.

Hatua ya 4: Umeme. Hapa ndipo nilipochemka, kwa hiyo tulieni. Konsoli tuliichomeka roshani, amplifaya za mbele tukazichomeka sakristia kwa sababu ndiko kulikokuwa na soketi. Njia mbili za umeme, ethi (waya wa usalama uendao ardhini) mbili, na waya mrefu wa sauti ukiziunganisha. Mkondo ukawa unazunguka humo humo, spika zikavuma. Watu wakiimba husikii kitu. Ikifika mageuzo, kanisa zima kimya, kunabaki "mmmmm" peke yake na paroko anageuza macho kutazama juu. Fundi akatuambia tukate waya wa ethi wa amplifaya. Tukakata, mvumo ukaisha, tukashangilia. Baadaye ndipo nikaelewa tulichofanya: waya wenye moto ukigusa kasha la chuma la amplifaya iliyokatwa ethi, kasha lote linakuwa na umeme, na breka haishtuki. Anayefuata kuligusa ndiye ethi.

Kwa hiyo:

USIKATE ETHI. Kamwe. Hata fundi akikuapia.

Vuta njia moja tu kutoka ubao mkuu, yenye breka yake, ilishe konsoli na amplifaya zote. Isichangie na feni wala friji ya sakristia. Waya wa sauti unaokwenda mbali uwe ule wa nyaya mbili ndani ya kinga, na mvumo ukibaki weka transfoma ya kutenganisha sauti. Usiulaze sambamba na waya wa umeme. Zikilazimika kukutana, nyaya hizo zipishane kama msalaba. Kabla ya yote, mwite fundi mwenye kipimo cha ethi. Nimekuta soketi za matundu matatu ambazo tundu la tatu halijaunganishwa na chochote.

Tazama pia kibao cha nyuma ya konsoli. Ikiwa imetoka Marekani inaweza kuwa ya volti 120, na kwetu ni 230. Hiyo usiichomeke moja kwa moja. Na kwa ogani yoyote, stabilaiza (kifaa cha kutuliza umeme unaopanda na kushuka) ni lazima. Umeme ukikatika zima swichi, usisubiri urudi kwa kishindo. Radi zikianza, chomoa.

Hatua ya 5: Spika. Usitumie zile nyembamba za mahubiri. Noti C ya chini kabisa ya sauti ya futi 16 (safu ya besi ya ogani) iko karibu Hz 33. Spika ya maneno haiwezi, utasikia mkoromo tu. Weka subwufa (spika ya besi) sakafuni. Spika nyingine zielekeze juu kwenye dari, sauti ishuke yenyewe, siyo kumpiga muumini wa benchi la kwanza usoni. Msitoboe ukuta wa matumbawe kwa bolti za kutanuka: chokaa ni laini, itamong'onyoka na spika itashuka kichwani mwa mtu. Tengeneza stendi za kusimama. Na shimo la zamani lisizibwe kwa saruji, hufungia unyevu na chumvi ukutani.

Hatua ya 6: Kurekebisha sauti. Fanya mara mbili, kanisa likiwa tupu na likiwa limejaa. Watu hunyonya sauti mno.

Hatua ya 7: Baraka. Ibada yake imo kwenye kitabu cha baraka, mwambie paroko.

---

Besi_la_Moshi: Mkuu, ya kwetu inavuma tukiwasha. Shida nini?

Mwandishi: Hatua ya 4.

Besi_la_Moshi: Nimeiona ni ndefu, nifupishie.

Mwandishi: Hapana. Ni ndefu kwa sababu inaua.

Mdau2: Bei?

Mwandishi: Siuzi.

Altosi: Shikamoo mwalimu. Sisi kwaya iko mbele karibu na altare, ogani roshani nyuma. Kila wimbo tunachelewa, mwalimu wa kwaya anatulaumu. Ni sisi?

Mwandishi: Marahaba, swali zuri sana. Siyo ninyi. Sauti hutembea takriban mita 340 kwa sekunde. Mkiwa mita 17 kutoka spika, inawafikia ikiwa imechelewa sehemu 1 ya 20 ya sekunde. Nanyi mkiimba, mpiga kinanda anawasikia kwa ucheleweshaji ule ule. Akiwasubiri, mnapunguza, mkimsubiri, anapunguza. Mwishowe wimbo wa shangwe unakuwa wa mazishi. Dawa: sogezeni spika moja ndogo karibu na kwaya, na mpiga kinanda afuate mkono wa mwalimu kwa kioo au kamera, siyo masikio. Dawa bora zaidi ni kwaya kupanda roshani, ila hiyo ni siasa ya parokia, siingilii.

Mwanakijiji: Haya yote ya nini? Kibodi ya laki kadhaa inaimbisha vilevile. Mnapenda mambo ya Kizungu.

Mwandishi: Sijasema kibodi ni haramu. Mtaguso wa Vatikano wa Pili (Sacrosanctum Concilium, 120) unaheshimu ogani ya mabomba na unaruhusu vyombo vingine vinavyofaa kwa idhini ya mamlaka husika. Hapo ya kwako imo, na ya kidijitali imo. Somo hili ni la waliokwisha letewa.

FundiWaya: Kwetu kuna mabomba ya zamani, mengine hayalii. Kamati inataka kuyauza chuma chakavu ili pawe na nafasi ya spika.

Mwandishi: Wazuie leo hii! Hata mabomba mabovu hutengenezeka. Piga picha kila bomba na namba yake, yafunikeni, spika zikae mbele au pembeni. Kama mengine bado yanalia, yapigeni pamoja na ya kidijitali, lakini jua tuni ya mabomba hupanda joto likipanda na ya kidijitali haibadiliki. Misa ya kwanza mtapatana, ya saa tano hamtapatana. Kuna kitufe cha kusogeza tuni: rekebisha dijitali ifuate mabomba, siyo kinyume.

FundiWaya: Ubarikiwe sana mkuu. Nawapelekea kamati.

Altosi: Na Kwaresima tunazima kabisa?

Mwandishi: Hapana. Inasindikiza kuimba tu, haipigwi peke yake, isipokuwa Dominika ya nne, sherehe na sikukuu. Ila iwasheni kila wiki hata kama haipigwi, joto lake hukausha unyevu ndani. Hewa ya bahari huleta kutu kwenye migusano ya umeme iliyo chini ya vibonyezo.

Besi_la_Moshi: Nimesoma yote sasa. Samahani mkuu. Panya je?

Mwandishi: Umesamehewa. Nyaya zote zipite ndani ya bomba la plastiki, na nyuma ya konsoli pawe na wavu wa chuma. Ukiacha biskuti za watoto wa kwaya humo, wavu hautakusaidia.

Altosi: Na popo?

Mwandishi: Funika konsoli kwa shuka nzito ya pamba. Siyo nailoni, itatoa jasho ndani.