Meza ya kazi ya seremala isiyoyumba

Meza ikiyumba, randa inaruka na ubao haunyooki. Kisababishi kikubwa ni misumari: inashika mwanzoni, kisha tundu zinapanuka kwa kila msukumo. Funga kwa boliti.

Kwa meza ya futi 6 kwa 2, andaa mbao 14 za 2x4 (inchi) za uso, miguu 4 ya 4x4 yenye urefu wa inchi 30, na vipande 8 vya 2x6: vinne virefu, vinne vifupi. Paini inatosha, mradi iwe kavu kabisa.

Mbao za uso zipigwe randa zibaki unene wa inchi 1¾, zisimame kwa ubavu, zipakwe gundi nyeupe na kubanwa kwa klampu kila inchi 10. Gundisha chache chache. Ukizibana zote kwa mkupuo, gundi itaanza kushika kabla hujazinyoosha. Ziache siku nzima.

Vipande vifupi viingie miguuni kwa ulimi na tundu, kwa gundi. Kwa virefu, chimba mguu nusu inchi ubao ukae ndani, kisha piga boliti mbili za nusu inchi kila ncha, kwa mshazari, na washa pana (vipete bapa vya chuma) pande zote mbili. Mbao zikisinyaa, unakaza nati tu.

Uso ufungwe kupitia tundu ndefu zinazofuata upana wake. Mbao hutanuka kwa upana, na uso ulionyimwa nafasi hupasuka. Jiliwa, kile kibano cha kushikia ubao, likae karibu na mguu wa kushoto kwa anayetumia mkono wa kulia.